Maturubai Mawili ya Juu

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi. Nilikuwa nikilisema hilo hata bila ya kuulizwa. Nilianza na uhamali bandarini, na darasa la nne langu, na leo nina maduka matatu ya maturubai na kamba, moja liko Darajani, mahali ambapo wengine hupapata kwa kurithi tu. Nimewauzia wenye mahoteli, wajenzi, watu wa maulidi na watu wa harusi, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. Mteja akivuka kizingiti nshajua atatoa ngapi. Namtazama viatu tu, basi.

Siku moja akaingia dukani binti wa Michenzani, kazi yake ukalimani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Unataka la mita ngapi?"

"Sitaki turubai. Kuna maofisa wa jeshi wa nchi za nje wanasomeshwa hotelini, hapa hapa Mji Mkongwe. Wanajifunza kununua."

Nilicheka mpaka mafundi wangu wakasimamisha vyerehani. "Kununua nako kunasomeshwa? Mama yangu hakujua hata alifu, na hakuna muuza samaki aliyewahi kumpunja!"

"Mama yako alikuwa akinunua cha sufuria moja, ami," akanijibu, wala hakucheka. "Hawa wananunua cha jeshi zima. Chakula, mahema, mafuta. Wakikosea wao, askari analala na mvua."

Akanieleza. Mafunzo yao yana mtihani wa kweli: watanunua maturubai arubaini na nane, kwa fedha za kweli, kutoka kwa mfanyabiashara wa hapa, na yatapokelewa kwenye kiwanja kimoja karibu na Makunduchi. Mfanyabiashara atakayeleta mzigo usiopishana hata kidogo na karatasi ya agizo ataingizwa kwenye orodha, na kila yakija mafunzo mengine ataitwa yeye mwanzo. Mafunzo huja mara mbili kwa mwaka.

Hapo kicheko kikanikauka. Nina mafundi sita wa kushona, wote wana watoto, na kila kiangazi vyerehani hulala. Mwaka ule nilikuwa nshawaza ni wawili gani nitawaambia wakatafute kazi kwengine. Ile orodha niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka duka.

Tulitia bei wafanyabiashara watatu, kila mmoja na bahasha yake imefungwa. Zikafunguliwa mbele yetu sote, na bei zikasomwa kwa sauti. Jamani! Maisha yangu yote bei nimeitoa kwa kunong'ona, na kila mteja na yake. Kuisikia yangu inatajwa mbele ya washindani wangu, nilihisi kama nimevuliwa kanzu. Kisha nikangoja waniombe nipunguze, maana nilishaongeza cha kupunguziwa, kama afanyavyo kila mtu. Hakuna aliyeomba. Bahati yangu wenzangu waliongeza zaidi. Nikapewa mimi.

Siku ya kupeleka mzigo nilifika saa moja ya asubuhi, nimevaa kanzu mpya, fuso limejaa. Mlinzi akanizuia nje ya geti. Karatasi ilisema kuanzia saa mbili mpaka saa nne, na saa moja si saa mbili. Katika umri wangu wote sijapata kusikia kuwa kuwahi nako ni kosa.

Saa mbili tukaingia, tukashusha, fuso likaenda zake, lilikuwa na mzigo wa matofali Paje. Nikakaa pembeni na binti wa ukalimani nitazame.

Mkaguzi mkuu siku ile alikuwa kapteni mmoja mwanamke, mfupi, wa nchi ya visiwa ambayo mimi hata sijui iko upande gani wa bahari. Mtihani ulikuwa wake. Mwalimu wao, mzee wa nywele nyeupe, alisimama nyuma yake anampa alama. Walikunjua turubai moja moja. Wakapima urefu na upana. Wakaivuta kila pete ya kamba kwa mizani ya kuning'iniza. Wakamwaga ndoo ya maji juu, chini wameweka karatasi nyeupe, waone kama itarowa. Turubai likifaulu wanalitia namba kwenye pembe, namba inaandikwa kitabuni. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana. Nilinyamaza kama mtu aliyeingia msikiti wa ugenini, na mimi kunyamaza si kawaida yangu, muulizeni mke wangu.

Kwenye turubai la kumi na tisa kapteni akapitisha kidole kwenye mshono wa pembe, ule tunaoushona kwa mkono. Akasema neno. Binti akanigeukia.

"Anauliza, aliyeshona hili ni wa mkono wa kushoto?"

Mwili ukanisisimka. Fundi wangu mmoja kweli ni wa kushoto. Nimekaa naye miaka minane, mshono wake sijawahi kuujua kwa macho.

Wakafika arubaini na nane. Yote yamefaulu. Nikaanza kushusha pumzi, ndipo kapteni akaona mawili yamebaki.

"Haya ya nani?"

"Yenu," nikasema, nimetanua kifua. "Ni nyongeza. Baraka."

Kwetu ukinunua mchele, muuzaji hukutilia konzi moja la juu. Asiyetia nyongeza ni bahili, na mteja harudi. Mimi niliwatilia maturubai mawili mazima ili waone wamekutana na mwanamme.

Binti akatafsiri. Kapteni akabadilika uso. Ofisa mmoja, mcheshi wao, akaonyesha kwa mikono: yakunje humo ndani ya mengine, nani atajua? Kapteni akatikisa kichwa.

Mwalimu akaniambia, taratibu, kupitia kwa binti: "Bwana, kila turubai lina kilo kumi na mbili. Vitu vya jeshi husafiri kwa ndege, na ndege hupakiwa kwa uzito ulioandikwa. Hizi ni kilo ishirini na nne ambazo rubani hazijui. Na ofisa anayepokea turubai la bure leo, kesho akiletewa gari la bure atalikataaje?"

"Sasa itakuwaje?"

"Yakiwa bado yamo kiwanjani saa nne, mzigo wote unakataliwa. Na kapteni ameanguka mtihani."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Fuso liko Paje. Wale maofisa hawaruhusiwi kumbebea muuzaji mzigo. Nikakunja kanzu mpya, nikafanya kata kwa kofia yangu, nikajitwika yote mawili. Miaka ishirini na tano sijaweka kitu kichwani. Shingo ilikumbuka kabla yangu. Kapteni alitembea ubavuni mwangu na kitabu chake mpaka getini, hatua kwa hatua, na nilipovuka akatazama saa, akaandika dakika. Angeweza kunyamaza tu akapata maturubai mawili ya bure. Nimefanya biashara na watu wakubwa wa kila namna, lakini mtu wa aina ile sikuwa nimemwona.

Lakini bado. Walitaka na risiti ya gari, kuthibitisha kuwa yale mawili yamerudi mjini. Nikapata pikapu.

"Haya mawili tu, mzee?" dereva akashangaa. "Gari ni gari, nakutoza nzima. Elfu themanini na tano."

"Na uniandikie risiti."

"Risiti! Mie tangu nizaliwe sijaandika risiti."

Ikabidi ninunue kitabu kizima cha risiti duka la pale kijijini, elfu mbili na mia tano, na kumwonyesha dereva pa kutia sahihi.

Jina langu liliingia kwenye orodha. Nshaitwa mara tatu, na mafundi wote sita wangalipo, yule wa kushoto sasa ndiye mkaguzi wangu. Ile risiti ilikwenda kwa mwalimu, lakini nakala yake nimeitundika Darajani juu ya kiti changu, na mteja akiniuliza ni ya nini namwambia kwamba maturubai mawili ya baraka, yaliyokwenda Makunduchi na kurudi, yalinigharimu shilingi elfu themanini na saba na mia tano.