Chupa Kumi na Mbili

Chupa tupu ikisimama dirishani siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Ama naiondoa, ama naijaza mafuta. Wajukuu wangu hunicheka, husema babu ana ugomvi na chupa. Sijawaambia sababu. Leo naiandika kwa kuwa kuandika ni rahisi kuliko kusema, na mimi siku zote nimependa lililo rahisi. Habari yote hii imetoka hapo.

Siku za Wadachi nilikuwa mkalimani bomani Chole. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kanzu nyeupe, kofia safi, kichwa kimevimba kwa sababu tuliojua Kidachi kisiwani tulikuwa wachache mno. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya heshima. Babu yetu alitoka Omani, alikuwa na minazi, na heshima hiyo niliitembeza kila mahali kama mtu aliyebeba yai.

Akaja daktari wa Kidachi. Homa na vidonda alitibu pia, lakini alichokifuata ni jambo jingine. Alitaka kujua kwa nini wanawake wengi wa visiwa hivi huharibikiwa mimba, na kwa nini wengine, siku zikikaribia, huvimba uso, huumwa kichwa, kisha huanguka kifafa wakafa. Sisi tulisema ni pepo. Yeye alisema ni ugonjwa, na dalili yake huonekana mapema katika mkojo. Mkojo wa mwenye hatari ukichemshwa na kutiwa matone ya siki, huganda mweupe kama ute wa yai uliopikwa. Wa mzima hubaki maji. Akimpata mgonjwa mapema, angemlaza kwenye chumba chenye giza, asishike kazi, anywe maziwa tu, naye amwangalie kila siku.

"Simwahidi mtu kupona," aliniambia. "Lakini nisipojua, siwezi hata kujaribu."

Mkunga mmoja wa Chole alikuwa amemtajia wanawake kumi na wawili wenye mimba, wa pale Chole na wa ng'ambo, Utende. Daktari akanipa chupa kumi na mbili zenye vizibo. Kila moja nilibandika karatasi na kuandika jina kwa mkono wangu. "Kazi ndogo," alisema. "Waombe wajaze, uniletee."

Kazi ndogo! Kwetu mwanamume hamuulizi mke wa mtu habari ya mimba yake, hata kama tumbo limemtangulia mlangoni. Sembuse kumwomba haja yake ndogo ndani ya chupa. Tena mkojo, kama nywele na kucha, si kitu cha kumwachia mtu akaondoka nacho, kwani hujui atakipeleka wapi. Yote hayo ningeweza kumweleza daktari. Ningemwambia, bwana, mpe mkunga chupa hizi, yeye huingia vyumbani na wanawake humsikia. Dawa ilikuwa hiyo tu. Lakini niliogopa kuonekana siiwezi kazi, nikajibu, "Ndiyo, bwana daktari," nikatia chupa kwenye pakacha nikaondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Utende. Nikapiga hodi, akatoka bibi mmoja, mama mkwe wa yule mwenye mimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa bomani wewe?"

"Wa bomani."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna neno, bibi. Napita tu nawasalimu."

Nikaletewa kahawa, nikanywa. Nikaulizwa hali ya mama, nikajibu. Tukasema juu ya mvua. Pakacha lilikuwa miguuni pangu limefunikwa kwa kuti la mnazi, na kila nilipofungua mdomo kusema jambo lililonileta, ulimi ulinisaliti nikasema jingine. Nikaaga. Nyuma ya nyumba ile kuna njia inayoshuka kwenye mikoko. Nikasimama huko peke yangu, nikaitazama chupa, nikatazama huku na huku, nikaijaza mwenyewe.

Nimeandika, basi. Nilidhani mkono utakataa.

Zile nyingine sikubisha hodi hata nyumba moja. Nilikunywa madafu mpaka tumbo likawa ngoma, nikamaliza kazi kwa siku tatu. Ya kwanza niliona haya. Ya tano nilikuwa nacheka peke yangu. Ili zisifanane, nyingine nilitia maji ya kisima, moja nikaitia tone la kahawa, na nikajiona mjanja kweli kweli.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya mdogo wangu.

Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, mimi na yeye. Alikuwa amerudi nyumbani kwa mama kujifungua mimba yake ya kwanza, kama desturi. Siku ile niliingia nikikohoa kwanza uani, ili ajifunike. Nilimkuta amekaa mkekani, amejifunga kitambaa kichwani, na mitali yake ya fedha iko mapajani. Ilikuwa imebidi ivuliwe miguuni kwa mafuta ya nazi, na alama zake zilibaki kwenye nyama kama mtu aliyefungwa kamba. Macho yalikuwa yamevimba. Mama alisema uvimbe ule ni dalili ya mtoto wa kiume.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kichwa tu." Akanyoosha kidole. "Hiyo chupa ya nini?"

"Ya daktari. Ya dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya watu," nikamwambia.

Jina lake lilikuwa juu ya karatasi. Alisoma Kurani vizuri kunishinda, lakini herufi za Kidachi hakuzijua. Hata hivyo niligeuza karatasi ikaelekea kiganja changu. Nilijua kila alichosema daktari: uso, miguu, kichwa. Vyote vilikuwa vimekaa mbele yangu mkekani. Nilichoogopa ni neno moja kutoka kinywani mwangu mbele ya mdogo wangu. Nikatoka, nikajaza ya kumi na mbili nyuma ya ukuta wa mama yangu.

Daktari alizichemsha zote mbele yangu, moja moja, juu ya taa yake ya spiriti. Zote zilibaki maji. Alishangaa. Akaandika kitabuni majina yote, na mbele ya kila jina neno moja: safi. Akasema labda wanawake wa kisiwa hiki wana damu nzuri, na labda ugonjwa unaowaua ni mwingine. Akanisifu kwa bidii. Nikaipokea sifa.

Siku tisa baadaye, watu wametoka kusali adhuhuri, mdogo wangu alianguka kifafa. Nilisikia ukelele wa mama nikiwa njiani. Nilipofika, mkunga amemshika kichwa, ubani unafuka, mtu anamwomba pepo ashuke. Nikakimbia bomani. Sijawahi kukimbia vile na kanzu. Daktari alikuja mbio na mkoba wake, na mtoto akazaliwa wa kike, mdogo kama kuku wa kuchinja, akalia. Mama yake hakumsikia. Kabla ya alasiri alikuwa amefariki.

Daktari alisimama ukumbini, amekunjua kitabu. Kidole chake kikashuka kwenye orodha mpaka kwenye jina la mdogo wangu.

"Maji yake yalikuwa safi," akasema. "Basi si ugonjwa ule. Mwambie mama yako hapakuwa na la kufanya."

Nikamgeukia mama nikatafsiri. Siku ile nilitafsiri neno kwa neno, sikuacha hata moja.

Daktari aliondoka kwa meli na kitabu chake. Sijui kama kilipigwa chapa huko kwao. Sijui kama yuko daktari mwingine aliyekisoma akaamini kwamba ugonjwa ule hauko visiwani kwetu, akaacha kuwapima wagonjwa wake. Na wale kumi na mmoja sikuwafuatilia. Nyumba zao zote nilizijua, nikawa napita njia nyingine.

Mama alimlea mjukuu wake. Katika matanga, na miaka mingi baada ya matanga, kila aliyempa pole alimjibu hivyo hivyo: mwanangu alipimwa na daktari wa Kidachi, maji yake yalikuwa safi, basi ni Mungu tu. Jibu hilo lilimtuliza. Akanishukuru mimi, kwamba nilimpelekea daktari ile chupa. Nilinenepa kwa uongo ule, nikaoa, nikazaa, nikaitwa mtu wa watu.

Miaka ikaenda kama kumi na sita. Boma lilikwisha hamia Kilindoni. Mpwa wangu aliolewa Bweni, akapata mimba, akarudi kwa bibi yake kujifungua. Yu hai mpaka leo, nasema mapema ili msomaji asihangaike. Siku moja asubuhi nilikwenda kuwaamkia, nikamkuta ameweka miguu juu ya kinu. Viatu vilikuwa pembeni kwa kuwa havikuingia tena. Kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mjomba."

Kabla sijaitikia, mama akamwambia, huku anamsugua miguu, "Usiogope uvimbe, mjukuu wangu. Mama yako alikuwa hivi hivi, na daktari akampima, maji yake safi. Ukoo wetu hauna ugonjwa huo."

Uongo wangu ulikuwa umemmaliza mama mtu, sasa umemjia mwana, tena kwa sauti ya bibi yake.

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, naitazama mikono ya mama, kwa kuwa uso wake sikuuweza. Nilisema habari ya mikoko, ya madafu, ya kahawa. Neno lile nililolikwepa miaka yote nikalitaja lote.

Mikono ya mama ikasimama miguuni pa mjukuu.

"Zote kumi na mbili?"

"Zote, mama."

"Na yake?"

"Na yake."

Mama akasema, "Ungeniambia mimi. Ningemwomba mimi."

Nikamwendea mpwa wangu na chupa ya mafuta niliyoisafisha kwa maji ya moto, nikamwambia ninachotaka na kwa nini. Nilidhani atajifunika uso. Akanitazama kama mtu aliyeombwa chumvi.

"Ni hilo tu, mjomba?"

Akaingia chooni, akatoka, akanipa. Nikauchemsha mwenyewe uani, kwenye kisufuria juu ya makaa, nikadondosha siki. Nilikumbuka kila hatua. Ukaganda mweupe, mzito, mbele ya macho yetu watatu, na nikawaita watu walete kitanda cha kumbebea mpaka mashuani, avushwe apelekwe Kilindoni kwa daktari wa huko.

Walipokuwa wanamfunga kitandani, mama alikuwa bado ameinama juu ya kisufuria. Akaninong'oneza, ili mjukuu asisikie.

"Na wa mama yake ulikuwa hivi?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikumwomba."