Kipolandi cha Kumsemesha Mjukuu

Binti yangu alipofariki Poland walimzika hukohuko. Sisi hapa Ipole tuliweka matanga bila mwili, tukaanua, watu wakarudi kwenye tumbaku zao. Aliacha mtoto mmoja wa kiume, wa miaka sita, asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Mkwe wangu ni Mpolandi, na alikuwa muungwana: kila Jumapili alipiga simu ya video, akamweka mtoto mbele ya kioo, akatupisha. Mtoto ananitazama, namtazama. Nikisema "mjukuu wangu" anageuka kumtafuta baba yake. Niliona wazi kwamba atachoka kuangalia bibi bubu, na huyo ndiye aliyebaki wa binti yangu.

Kwenye zahanati ya misheni yuko sista Mpolandi. Nikamwomba anifundishe. Mimi ni wa darasa la saba, na sikuwa na hakika kama kichwa kitapokea. Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi mzima! Kiingereza kilikushinda, ndiyo ukamate hicho cha kupiga chafya?"

"Wazee wetu walikipata Kiswahili kwa kuwabebea watu mizigo mpaka pwani. Mimi nitakaa barazani tu."

"Haya, beba, shoga. Ukianguka usiniite."

Tulisoma jioni, sista akishafunga zahanati. Majina ya vitu niliyaweza. Kilichonitesa ni kumpa mtu kitu. Sisi tunasema nampa, nampelekea, nampikia. Kitenzi ndicho kinachojipinda, mtu anabaki alivyo. Kwao anayepewa ndiye anayebadilishwa mkia. Mume ni mąż, ukimpa kitu anakuwa mężowi. Sista akiuliza "Komu?", yaani unampa nani, mimi nimgeuze huyo mtu.

Siku moja mfano ulikuwa: nampelekea binti maua. Córka ikawa córce. Nilitamka vizuri, kisha sikuweza kuendelea, maana kaburi lake sijalifikia na sidhani nitalifikia. Sista akaenda kuchemsha chai. Hakunikosea. Alikuwa anafuata kitabu.

Nilipoona sentensi zinakaa, nikataka kumtania mtoto. Bibi asiyetania ni bibi wa nini? Mimi bibi yangu aliniita mke mwenzie, tukagombania babu mpaka anakufa. Na mjukuu wa kiume kwa bibi ni mume, kila mtu huku anajua. Nikamuuliza sista: nampa mume wangu asali, inasemwaje? Akanifundisha: "Daję miód mojemu mężowi." Alidhani namsema mzee wangu, ambaye kweli ni mrina asali. Mimi sikuona haja ya kueleza.

Jumapili nikainua chupa ya asali nikaisema. Mtoto akakunja uso. "Komu?"

Hiyo niliijua! Nikamnyooshea kidole kwenye kioo. "Tobie!" Wewe!

Alicheka mpaka nikaona pengo la meno. Tangu hapo, simu ikipigwa, ni yeye anayekuja mbio. Nampikia mume wangu, namshonea mume wangu, naye anaruka juu ya kiti. Alicheka kama mama yake, kwa kujikuna shingo.

Kisha Jumapili ikapita bila simu, na nyingine. Mkwe alimwandikia sista kupitia misheni. Sista alisoma ujumbe kimya kwanza, shingo ikawa nyekundu.

"Bibi, ulikuwa unamwita mtoto mume wako?"

"Ndiyo. Ni mjukuu wangu."

Kumbe mtoto alitangaza shuleni kwamba ana mke Afrika, na mke huyo ni bibi yake. Mwalimu akamwita baba. Mkwe alisema mtoto hana mama, watu wanamwangalia jinsi anavyomlea, na yeye haelewi mwanamke mzima anamtakia nini mtoto kwa maneno hayo. Aliomba tupumzike.

Nimejaribu kukaa upande wake. Mzee nisiyemjua vizuri angemwita mtoto wangu wa kike mke wake kwenye simu, ningeivunja hiyo simu. Kwa hiyo sina la kumlaumu. Lakini pia siwezi kumweleza mwenyewe. Na mkwe hayazungumzwi mambo ya mume na mke, hata ya mzaha; ningeanzia wapi? Nikamwachia sista.

"Mwambie ni utani."

"Nitaeleza, bibi. Lakini neno la kufanana na hilo sina."

Aliandika kurasa mbili. Mkwe akajibu kwa upole kwamba ameelewa kiasi. Simu zitakuwepo mara moja kwa mwezi, yeye akiwa amekaa hapo, na anaomba niongee na mtoto kama watu wazima wanavyoongea na watoto.

Mtoto alitokea nywele zimechanwa. "Dzień dobry pani," akasema.

Salamu niliijua. Sista, ambaye safari hii alikaa kando yangu, alininong'oneza kwamba pani ni mama wa heshima, kama mwalimu, au muuza duka. "Amemfundisha adabu," akasema. Huenda ni kweli. Hata kwetu mtoto hufundishwa shikamoo.

Nikamuuliza mtoto amekula nini, shule ikoje, huko kuna baridi. Nilisema yote bila kosa, sista akiitikia kwa kichwa. Mtoto alijibu kila swali. Kabla ya kila jibu alimtazama baba yake, na mkono ule wa kujikunia shingo alikuwa ameukalia.