Sekunde Mbili

Kazini walimwita Chapuchapu, na jina likamkaa. Miezi minne alijifungia akiandika seva yake mwenyewe ya tovuti, programu ya kuwapelekea watu kurasa wanazoomba, nyepesi kama unyoya, inayojibu kabla hujapepesa jicho. Akaweka humo picha za wanawe, ili mama yake aliyeishi mbali awaone wakikua. Kisha, kwa kujiona, akaongeza sharti: simu itakayotumia zaidi ya sekunde mbili kuomba ukurasa, ikatwe. Ya nini kungoja makonokono?

"Mwanangu, picha hazifunguki," mama alilalamika.

"Ni hiyo simu yako kuukuu, mama. Nitakununulia nyingine," alimjibu, macho kwenye skrini.

Hakununua.

Baada ya mazishi, dada yake alimkabidhi ile simu. Akaijaribu, ikakatwa. Akapekua kumbukumbu za seva: simu hiyohiyo, kila Jumapili asubuhi, ikiomba na kukatwa, mara kumi, mara kumi na tano, miaka miwili mizima.

Kwenye lile sharti akafuta mbili, akaandika thelathini, akajaribu tena.

Picha ya wajukuu ilifunguka sekunde ya tatu.