Mstari Waliouruka

Mimi ndiye mke wa yule mheshimiwa aliyeombewa siku zake ziwe chache. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure, halafu akijua mimi ni nani akajutia huruma yake. Mume wangu alikuwa mwakilishi wa wadi huku kwetu Kisauni. Kabla ya hapo alikuwa karani bandarini, mtu wa kurudi nyumbani jioni na mkate wa mofa mkononi, akavua viatu mlangoni na kuuliza kumepikwa nini. Si mwizi. Najua wapo watakaocheka, na wacheke. Lakini kazi aliyoiomba hakuifanya, na hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Kule Magogoni alifungua kioski cha maji. Alikata utepe, bomba likafunguliwa, yakatoka maji matamu, na vigelegele vya kwanza nilivipiga mimi. Maji yale yalitoka wiki moja tu. Baada ya hapo watu wakarudia visima vyao vya chumvi na mikokoteni ya mitungi, na kioski kikawa mahali pa mbuzi kujikinga jua. Picha ya mume wangu ilibaki ukutani pale, anatabasamu, na mbuzi wamelala chini yake.

Kwangu kulikuwa na tangi, na lori lilikuja kulijaza. Nilifungua geti nikawaambia majirani, jamani, njooni mchote. Walikuja mara mbili tatu, kisha wakaacha. Hakuna aliyetaka kuonekana akitoka kwa mheshimiwa na ndoo kichwani, maana mtaa ungesema ameshanunuliwa. Ikawa asubuhi naamka, natazama mfereji wa tangi uani, hakuna ndoo, hakuna mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Hebu fikiria, una maji ya kutosha mtaa mzima na huna wa kumpa! Niliwahi kufua mapazia yaliyokuwa safi, nipate tu kelele za maji.

Kilichonibakia ni Alhamisi. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa na kikundi chetu, kila Alhamisi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu. Viti huwekwa duara, Biblia hufunguliwa, na kila mtu husoma mstari mmoja, zamu ikienda upande wa kulia mpaka sura iishe. Kila mmoja huhesabu mapema ni mstari gani utamwangukia. Akiona una majina magumu ya kale huanza kutoka jasho jembamba, na wengine tulikuwa tukimchekea hata kabla hajafungua mdomo. Pale hakuna aliyeniita mama mheshimiwa. Niliitwa dada, na nikikosea kusoma nilichekwa kama wenzangu. Nisingekuwa na Alhamisi ile, haki ya Mungu, sijui ningeongea na nani.

Na katika kikundi kile alikuwemo shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Nilipopata uchungu wa kitinda mimba wangu, mume yuko zamu bandarini, yeye ndiye aliyenipakia kwenye tuktuk, akanishika kiuno njia nzima huku akimtukana dereva kwa kila shimo. Mtoto yule mpaka leo anamwita mama mdogo.

Mwaka ule vijana walikuwa wameingia barabarani nchi nzima, na katika mabango yao ulikuwemo mstari mmoja wa zaburi uliopendwa kuliko mingine, ule wa kumwombea mtawala siku chache na cheo chake kichukuliwe na mtu mwingine. Ulikuwa kwenye simu za watu, ukawa kwenye vioo vya nyuma vya tuktuk. Akina mama wa kikundi chetu nao wakaamua Jumamosi moja wataandamana kudai maji, kutoka kwenye kile kioski hadi ofisi ya wadi. Na huku kwetu Pwani jambo halijawa jambo mpaka wanawake wavae sare.

Shoga yangu alikuja na leso yangu ya sare siku ya Jumanne. Nilimkaribisha ndani akasema ameacha chungu motoni. Alinipa doti imekunjwa vizuri ndani ya gazeti, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

"Tumeikalia kikao sana, dada," akasema, macho ameyainamisha chini. "Kuna waliosema tusikuletee. Lakini wewe ni mwanachama. Tukaona tukikuruka tutakuwa tumekutukana."

"Ahsante," nikamwambia. "Mmefikiria vyema."

Akaenda kwenye chungu chake ambacho sidhani kama kilikuwepo. Nikaikunjua leso. Leso haikosi jina, yale maneno ya pindoni, na majina tuliyoyazoea ni ya mapenzi au ya kumchoma mke mwenza. Hii ilikuwa imechapwa na fundi wa fulana kule Kongowea, herufi nyeusi juu ya manjano: siku zake ziwe chache, cheo chake apewe mwingine. Loh! Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka machozi. Wanawake hawa, ili wasinitukane, wameniletea sare ya kumlaani mume wangu, na rangi yenyewe wamechagua ile ninayoipenda.

Kicheko kilipoisha nikachukua Biblia, nikatafuta zaburi ya mia na tisa, maana mstari huo nilikuwa nimeusikia kila mahali ila sikuwahi kuusoma penyewe. Nikaukuta. Nikateremka chini kidogo. Mstari unaofuata unaomba watoto wake wawe yatima na mkewe awe mjane. Na unaofuata huo unaomba watoto hao watangetange wakiombaomba.

Nilikaa nayo mapajani sijui muda gani. Moyo uliniuma, sitaficha. Sikuumwa kwa ajili ya mume wangu, yeye alijitakia mwenyewe alipopanda jukwaani na kutoa ahadi. Niliumwa kwa sababu katika leso ile nilikuwemo na mimi, hatua moja tu chini ya pindo, na wanangu wako nyuma yangu. Nilijiuliza, hawa wameusoma? Shoga yangu ameusoma, naye aliyemshika mtoto wangu kabla mimi sijamshika? Kama ameusoma na bado ameniletea, basi sina mtu. Na kama hajausoma, anaombaje asichokijua? Hilo ndilo nililotaka kulijua, na sikutaka kuambiwa na mtu mwingine.

Alhamisi nikajikaza kisabuni, nikaenda. Nilijifunga ile leso. Nilipoingia wote wakanikaribisha kwa pamoja, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mama mlezi wa kikundi, mama mzima ambaye ametuzidi sote umri, nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono akawa hauachii. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, upande wa kulia wa shoga yangu. Nikakaa, na magoti yetu yakagusana kama siku zote.

"Leo tunaombea safari yetu ya Jumamosi," mama mlezi akasema, halafu akaitaja zaburi yenyewe.

Nikahesabu viti. Kila mtu huhesabu, nimeshasema. Kuanzia kwa mama mlezi, wa nane ulikuwa wa shoga yangu. Wa tisa ulikuwa wangu.

Walisoma. Mmoja alisoma haraka haraka kama anayeogopa kuchomwa. Ukaja wa nane, na shoga yangu akausoma kwa sauti nzuri, maana sauti anayo, na duara zima likaitika amina kwa kishindo. Mama mlezi akafunga Biblia yake.

"Hapo panatosha," akasema. "Tusimame tuombe."

"Mama, samahani," nikasema. "Zamu yangu."

"Leo tumechukua huo mstari wetu tu, mwanangu."

"Huo wa kwenu nimeusikia. Huu unaofuata ni wangu. Mbona mnaniruka, na leso mlisema msiniruke?"

Nikasoma. Sikupaza sauti, nilisoma kama ninavyosoma siku zote, wanawe wawe yatima, mkewe awe mjane, kisha nikaongeza na wa kumi ambao haukuwa zamu yangu, ule wa watoto kuombaomba. Nilipomaliza hapakutoka amina. Shoga yangu aliinamia Biblia yake, akaupitisha kidole pale niliposoma.

"Dada," akasema, "wallahi sikufika huko. Sisi tulitaka lile la cheo tu." Hata kiapo aliazima cha majirani, masikini, kwa vile alivyochanganyikiwa. Nikamtazama nikamwamini. Hakuwa ameusoma. Ulimjia kwenye simu, mstari mmoja, umepambwa na maua, akausambaza.

"Lile la cheo tu," nikasema. "Na Mungu naye tumwambie asome nusu?"

"Hakuna anayekuombea ujane hapa!" mama mlezi akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Mungu apishie mbali. Mume wako tunamdai maji. Hatumdai roho yake."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipopata kasi yake. Nilikuwa nimekwenda kuwaaibisha, na nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Yaliyotoka siyo niliyoyaandaa.

"Usijali, mama," nikamwambia. "Huo mstari mliouruka ndio ambao umeshajibiwa. Tangu apate hicho cheo, mimi nalala peke yangu. Nakula peke yangu na watoto. Mkikuta gari lake mlangoni, ni dereva ameleta nguo za kufua. Juzi mdogo aliulizwa shuleni baba yako yuko wapi, akasema yuko kwenye kioski, ukutani. Kwa hiyo lile la cheo, ambalo mmechapa kwenye leso, ndilo nililokuja kuliitikia. Apewe mwingine. Apewe hata kesho. Mimi nirudishiwe wangu."

Nikasema amina, peke yangu. Nililia kidogo, sio sana. Shoga yangu aliweka mkono mgongoni kwangu, akauondoa, akauweka tena. Maombi yaliombwa, mafupi, ya mvua na wagonjwa, halafu ikaja chai na mahamri, na kila mtu aliniongezea sukari bila kuniuliza. Hawakunicheka hata mara moja alasiri nzima. Nilitamani mmoja anicheke.

Jumamosi sikwenda. Kila mtu alielewa kwamba sitakwenda, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Mume wangu alikuwa kwenye semina huko bara, na alikuwa amenipigia mara mbili kabla ya saa nne kuniuliza wameanza au bado. Njia yao ilipita mbele ya geti letu, hapakuwa na nyingine. Nikasimama uani nyuma ya mabati, niwasikie.

Walianza kusikika kutoka mbali, wanawake na masufuria na ndoo tupu wanazipiga kwa miiko, vijana na mafirimbi, na wimbo walioutunga wao wenyewe wenye ule mstari, kiitikio kikirudiwa siku chache, siku chache. Sauti ya shoga yangu ilikuwa ikiongoza. Ningeijua popote. Walikaribia, wakafika kwenye duka la kona, wakafika ukuta wetu. Nikajiambia, basi, waseme, ni haki yao, na mimi nimeshaitikia amina.

Wakanyamaza.

Mafirimbi yalikatika, na masufuria yakakatika moja moja kuanzia mbele kwenda nyuma. Nikasikia sauti ya shoga yangu ikisema, "Shiii, teremsheni ndoo, tumefika." Nikasikia viatu tu. Kwetu huku harusi ikipita mbele ya nyumba yenye msiba, ngoma husimamishwa, watu hupita kimya, wanawake wakishusha leso zao usoni, mpaka nyumba ile iwe nyuma yao. Ni adabu. Hakuna anayefundishwa, unakua ukiiona. Nilichungulia kwenye tundu la mabati nikawaona wanapita, ndoo zimebanwa kwapani, vichwa vimeinama, na mama mlezi ameshika kifua. Mtu mmoja akasema pole, taratibu, akilielekea geti. Walipofika kwenye mti wa mkilifi wa jirani wa tatu, mafirimbi yakaanza tena.

Nilikuwa bado nimesimama pale simu ilipolia.

"Wamepita?" akauliza mume wangu.

"Wamepita."

"Walisemaje pale nyumbani?"

"Hawakusema kitu. Walinyamaza mpaka wakamaliza nyumba yetu yote."

Akacheka, kile kicheko chake kikubwa cha jukwaani. "Umeona?" akasema. "Si nilikuambia? Bado wananiheshimu."

Nyuma yake nilisikia watu wakimwita, mheshimiwa, mheshimiwa, chakula tayari. Akasema atanipigia baadaye, akakata. Nikakaa chini palepale kwenye saruji nikalia, na sasa sikulia kidogo. Nililia kwa sauti, mpaka wanangu wakatoka mbio ndani, wakasimama mlangoni wanaogopa kusogea.

"Mama," mkubwa akauliza, "nani amekufa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ni baba yenu. Alikuwa kwenye simu."