Kulifuata Bomba hadi Mbebe

Asubuhi niliyokubali kwenda Mbebe, mama mmoja alikuwa amejifungua salama kwenye zahanati yetu hapa Tunduma, na mimi mkunga wake sikuwa na maji ya kunawa. Shangazi yake ndiye aliyenimiminia kidogo kutoka kwenye dumu alilokuja nalo kichwani. Siku hizo tulikuwa tunawaambia wajawazito waje na ndugu wa kubeba maji, na anayekuja peke yake tulimtazama kwa wasiwasi. Bomba la uani likifunguliwa lilikoroma kama mtu mwenye mafua, basi.

Mtaani hakukuwa na ubishi kuhusu mwizi. Ni watu wa Mbebe, kule kwenye milima ya Ileje ambako bomba letu linaanzia. Ilisemwa wamelijaza mawe. Wengine walisema wamegeuza mto mzima uende kwenye bustani zao, na kwamba wanatucheka. Hakuna aliyekuwa amefika kuona. Kwa hiyo jumuiya ya watumia maji ilipoitisha kikao kulekule chanzoni, cha kuamua nani apate maji kiasi gani mpaka mvua zianze, mtaa uliwachagua watu wawili. Mmoja mimi. Wa pili Bwana Sichone, mwenye kazi ya kuosha malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia.

"Nesi, wewe utawaeleza habari za wazazi," aliniambia. "Mimi nitawabana. Ile mifereji yao ifungwe, kikao kiishe."

Nilifurahi kumpata mwenzangu mwenye maneno makali. Mimi mwenyewe nilishapanga kutomwamini mtu yeyote nitakayemkuta huko juu.

Safari ilianza kwa kwenda Vwawa kwanza, kwa sababu afisa wa maji aliyekuwa anasimamia kikao alisema atatuchukua kwa gari lake. Kwenye foleni ya malori Sichone alisimama mara mbili kusalimiana na madereva. "Mwashibukeni, boss!" aliwaita kwa Kibemba, nao walimpungia mkono kama ndugu yao. Baada ya hapo tukapanda kosta, na kabla jua halijawa kali tulikuwa Vwawa.

Ofisini kwa afisa tuliambiwa tukae kwenye benchi la nje. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa nusu, akaitwa Sichone peke yake. Nilisikia vicheko humo ndani, kisha sauti zikashuka kabisa. Alipotoka nilimuuliza walikuwa wanazungumza nini.

"Kusalimiana tu, Nesi. Tunafahamiana zamani."

Nikachukua begi langu. Ila kusalimiana kwa sauti ya chini namna ile sikukuelewa.

Sokoni, tulipokwenda kutafuta chakula kabla ya kuondoka, nilikuta lundo la kabichi kubwa zinazong'aa utadhani zimepakwa mafuta. Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi kiangazi hiki.

"Mbebe hizo, mama. Kule maji hayakatiki."

Nilizitazama kabichi zile kama mtu anayetazama nguo zake alizoibiwa zimeanikwa kwenye kamba ya jirani. Maji ya kunawa mikono yangu yalikuwa humo, majani juu ya majani.

Kutoka Vwawa, afisa aliendesha mwenyewe. Jina lake Haule, mtu mpole, anayejibu swali kwa kuuliza lingine. Tulirudi njia ileile hadi Mpemba, kisha tukaiacha barabara kuu na kukata kuelekea Ileje. Hapo Mpemba tulipita yadi iliyozungushiwa mabati, malori yamepangwa ndani, na maji yalikuwa yakitiririka chini ya geti hadi mtaroni. Niligeuka kutazama vizuri. Sichone alikuwa mbele akiongea mfululizo habari za ushuru, wala hakugeuka.

"Pale nao wana kisima?" niliuliza.

"Labda," alisema Haule.

Mbebe ilitupokea kwa ukungu na baridi. Mimi nilipangiwa nyumbani kwa Mama Kibona, mjane mwenye bustani kando ya mto, na wanaume wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama Kibona alinisalimu kwa Kindali, nikaitikia kwa Kiswahili, na hapo uso wake ukajifunga. Hata hivyo alinipa kiti karibu na moto, akaniletea ugali, maharage na maji ya moto ya kunawa kwenye beseni. Nilinawa kwa raha na kwa hasira kwa pamoja.

"Ninyi ndio watu wa malori," alisema.

"Mimi ni mkunga, mama. Nazalisha."

"Tunasikia mjini maji yetu yanaosha magurudumu."

"Na sisi tunasikia mmeziba bomba kwa mawe."

Alinisogezea bakuli la maharage. "Kula kwanza," akasema, "ugali unapoa." Nilikula, lakini begi langu nililiweka miguuni.

Alasiri hiyohiyo ukungu ulipofunguka, nilimwona akichukua jembe na kutoka kwa mlango wa nyuma bila kuniaga. Haule alikuwa ametangaza mbele yetu wote kwamba mfereji wowote wa bustani usifunguliwe mpaka kikao kipite. Nikasubiri kidogo, kisha nikamfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya migomba kama mke mwenye wivu. Alishuka hadi mtoni, akachungulia huku na huku, akaondoa matope na magunia yaliyoziba mfereji. Maji yakakimbilia kwenye kabichi zake.

"Mama Kibona!" niliita. "Kumbe ni kweli!"

Jembe lilimponyoka. Nilidhani atanitukana, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Nimefungulia," alisema. "Kabichi zikilala leo hazitaamka. Ila kama unanishitaki kwa ajili ya bomba lenu, twende ukalione. Halafu unishitaki."

Chanzoni hakukuwa mbali, mwendo wa kupanda kidogo juu ya mfereji wake. Nilikuta boksi la saruji ambamo mto unaingia na bomba kuanzia. Nilitafuta mawe. Hayakuwapo. Mdomo wa bomba ulikuwa wazi, umezama, unavuta maji mpaka yanafanya kisulisuli. Na bomba lilikuwa limeshiba. Maji yaliyozidi yalimwagika juu ya ukingo na kurudi mtoni. Hayo yaliyomwagika ndiyo Mama Kibona na wenzake waliyoyachukua huko chini.

Nilichuchumaa, nikatumbukiza mkono, ukavutwa. Kama bomba linaondoka mlimani limejaa hivi, lile koromeo kavu la zahanati yangu linatoka wapi?

"Basi humwibii mtu?" nilimuuliza.

Alitazama huko mto unakoshukia. "Siwaibii ninyi," alisema. "Wa chini yangu, siwezi kuapa."

Kikao kilifanyika kesho yake kwenye uwanja wa shule. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Swila, wa kijiji kilicho chini zaidi kando ya mto uleule. Alisema ng'ombe wao wanalamba matope, na wanawake wanachimba mchanga kupata maji ya kupikia. "Watu wa bustani wakifungulia mifereji yote siku moja, kwetu mto unakufa," alisema. Watu wa bustani wakamzomea. Mmoja akasema watoto wao wanasomeshwa na kabichi hizohizo, je wawaachishe shule ili ng'ombe wake wanenepe?

Sichone akasimama, akavua kofia. "Ndugu zangu, uhai kwanza. Nesi huyu hapa anazalisha bila maji. Mifereji yote ifungwe kiangazi chote. Mtoto na kabichi, kipi kizito?"

Watu walinigeukia. Haule aliuliza kama upande wa mjini una la kuongeza, kisha tupige kura kwa mikono. Nilijua nikilia pale mbele kidogo tu, mifereji itafungwa. Habari zangu zilikuwa za kweli, na zilikuwa zinatumika kubeba kitu nisichokiona. Nikakumbuka kile kisulisuli cha bomba.

"Nina la kuongeza," nilisema. "Jana nilifika chanzoni. Bomba letu linaondoka hapa limejaa. Tukifunga mifereji, mimi sipati hata tone zaidi. Kabla hatujamnyima mtu, naomba tulifuate bomba mpaka mjini."

"Nesi, hiyo ni kazi ya mafundi," Sichone alisema haraka. "Usituchelewesheee."

Alivyoivuta ile sauti, hata Mzee Swila aligeuka kumtazama.

Haule alikuwa akikuna shingo. Akasema gari lina mafuta kidogo. Mwenyekiti wa kijiji akasema atatoa mafuta. Haule akasema njia ni ndefu. Mama Kibona akasimama. "Na mimi naenda," akasema. Swila akasema naye anaenda, na kura ikaahirishwa.

Kurudi hakukuwa kama kwenda. Tulibanana ndani ya gari. Mimi nilimshuku Sichone, Sichone alinishuku kwamba Mama Kibona amenilisha kitu, Swila alitushuku wote. Kila palipokuwa na chemba ya bomba kando ya barabara, Haule alisimama, tukainua mfuniko na kusikiliza. Maji yalinguruma. Chemba baada ya chemba yalinguruma. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba nitarudi mtaani na aibu.

Mpemba, chemba iliyo kabla ya ile yadi ya mabati ilinguruma kama zile nyingine. Iliyofuata, baada ya yadi, ilinong'ona tu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Swila ndiye aliyekwenda getini na kulisukuma. Ndani vijana walikuwa juu ya lori wanalisugua kwa mipira mitatu inayotoa maji kwa nguvu, povu jeupe likishuka kwenye magurudumu. Mmoja wao alimwona Sichone, akashangilia: "Bosi, umerudi mapema!"

Mama Kibona aliyatazama maji yale. "Haya nayafahamu," alisema polepole. "Yanapita mlangoni kwangu."

Nilimgeukia Haule badala ya Sichone. "Ulikuwa unajua."

Alivua miwani. "Nilimruhusu ajiunganishe na bomba wakati wa kujenga yadi. Ujenzi ulipokwisha alipaswa kufunga. Sikuja kuangalia." Kama ilikuwa uvivu au kitu kingine, sikujua wakati ule na sijui hadi leo.

Sichone hakukana. Alikasirika. "Sawa, nifunge. Hawa vijana wale wapi? Madereva wakivukia kwingine, Tunduma itabaki na nini? Mnadhani mji unaishi kwa kuzaa peke yake?" Kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Angeyasema kule uwanjani, mbele ya watu, tungeyapima pamoja na ya Swila na ya Mama Kibona. Yeye aliniweka mbele yake kama pazia.

Uamuzi ulifanyika palepale kwenye matope ya yadi, na ulithibitishwa baadaye na jumuiya. Tawi la bomba la Sichone likafungwa mpaka mvua zitakaposhika, baada ya hapo aombe zamu yake hadharani. Watu wa bustani wakapangiana kufungulia kwa zamu badala ya wote kwa pamoja, ili mto umfikie Swila. Swila akakubali ng'ombe wa kijiji chake, waliokuwa wakipandishwa hadi chanzoni na kuchafua maji, wasipandishwe tena. Hakuna aliyetoka akitabasamu. Mama Kibona alisema ataipoteza sehemu ya kabichi, na kwamba kama tawi lile likifunguliwa kwa siri, yeye hatafuata zamu hata siku moja.

Nyumbani, bomba la zahanati lilitema hewa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Nilidhani mtaa utanipongeza. Badala yake niliulizwa nimepewa nini Mbebe hata nikaacha mifereji yao wazi, kwa kuwa watu waliniona nikishuka na mfuko wa viazi alionifungia Mama Kibona. Nilieleza habari za chemba moja baada ya nyingine. Wengine walinielewa. Wengine bado wanaamini viazi.

Nilichojifunza ni hiki: nilipanda mlimani kumtafuta mwizi mmoja, nikakuta wenye haja wengi, na aliyenidanganya alikuwa amekaa nami kwenye kosta moja. Tangu hapo anayeniambia uamuzi wa maji ni rahisi, namuuliza ni nani atakayekosa, na kama mtu huyo ameitwa kikaoni.

Majuzi Mama Kibona alinipigia simu. Leo si zamu yake, alisema, na kabichi zimelegea. "Ofisi siiamini. Niambie wewe, malori bado yanaoshwa?"

Nilimwambia angoje, nikapanda bajaji hadi Mpemba. Mipira ilikuwa imeviringishwa ukutani. Vijana walikuwa wamekaa juu ya ndoo walizozifudikiza, hawana kazi, na mmoja nilimtambua, kwa sababu mkewe huja kliniki kwangu na anakaribia kujifungua.

"Nesi," alisema bila kuinuka, "mwenzangu nimlete na maji, au siku hizi yapo?"

"Yapo," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akatazama pembeni. Nilitoka nje ya geti, nikampigia Mama Kibona na kumweleza yote mawili: malori hayaoshwi, na vijana hawana kazi.