Siku Niliyoosha Injini Mama Mkwe Akiwa Garini

Nimefundisha fizikia Kitale miaka mingi, na umeme ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote, kwa hivyo mkiona naukwepa ule uwanja wa kuosha magari pale Kanduyi, jueni ni aibu tu inayonizungusha.

Tulikuwa tunapeleka keki harusini karibu na Kibabii, mimi, mke wangu Nekesa na mama yake, aliyeioka mwenyewe na kuipakata kiti cha nyuma njia nzima. Bibi harusi alikuwa mpwa wake, yatima aliyemlea, na mama alikuwa amemwahidi kumshika mkono hadi madhabahuni saa tano. Saa nne hivi nikaona si heshima mama mkwe ashuke kwenye gari lenye matope, nikasimama lioshwe, kisha (hapa ndipo nilipojikaanga) nikawaambia waoshaji wamwagie maji hata injini, ing'ae.

Iling'aa. Kuwaka ikakataa.

"Mama anasema ungengoja ikauke," Nekesa akaniambia. (Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono, wala hawakaribiani, kwa hivyo maneno yake hunifikia kupitia kwa binti.)

"Mwambie mama atulie," nikajibu kwa sauti, ili waoshaji nao wafaidike. "Si amemwozesha bintiye kwa mwalimu?"

Nikawaeleza kwamba injini ya petroli huwashwa na cheche, nikachomoa waya wa plagi, nikaushika kwa vidole karibu na chuma, nikamwambia Nekesa apige stata tuione.

"Mama anasema usishike hiyo waya."

"Piga tu, bana."

Cheche ilikuwepo, ila ilipitia kwangu. Niliruka kinyumenyume nikamwangukia mama mkwe, ambaye alikuwa ameiacha keki kitini akaja kunizuia, na nilipopata akili nilikuwa nimemkumbatia kiunoni mbele ya watu. Mwoshaji mmoja akauliza polepole, "Mwalimu, na hiyo pia ni fizikia?"

Mama hakunigombeza. Alijifuta vumbi, akamwambia Nekesa, "Mwambie asimame kule kwa tangi la maji."

Nikaenda, na nikiwa huko ndipo nilipokumbuka kwamba yule mama aliendesha pikapu ya vitunguu kutoka Suam kabla sijamjua binti yake, na fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Alizima swichi, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni (asitokee mwerevu mwingine wa kupiga stata), akavuta breki ya mkono, akatoa waya mmoja wa betri, ndipo akagusa kitu. Kila hatua alimweleza Nekesa, kwa sauti iliyonifikia bila taabu na kwa upole ambao wanafunzi wangu hawajawahi kuuonja. Akafungua kile kifuniko kinachogawia plagi umeme, ndani kuna matone. "Maji yanaupoteza moto njia," akasema. Akavua kitambaa cha kichwa, akakausha kifuniko na waya mmoja mmoja, akirudisha kila mmoja mahali pake. Mwisho akarudisha ule wa betri, akatoa ufunguo mfukoni, na gari likawaka mara ya kwanza.

Saa tano kamili alimshika bibi harusi mkono, kitambaa kichwani kikiwa na doa jeusi la grisi, na sijaona mtu aliyependeza vile kanisani.

Jioni Nekesa akaniletea ujumbe. "Mama anasema mtu aliyerushwa na umeme hahesabiwi kosa."

Siku hizi somo la cheche naanza na ufunguo mfukoni. Na mama akituma neno, hata niwe nimeshika nini, naweka chini naenda kusimama kando.