Kidole cha Babu

Jumapili iliyopita papa alikuwa akimwonyesha mgeni bunduki inayoning'inia sebuleni kwetu huku ughaibuni, Berchem. "Unaona hii alama ya kidole, tonton? Ni ya babu yangu, muwindaji mukubwa!" Nusura niteme soda.

Bunduki yenyewe papa aliinunua soko la vitu vikuukuu, imejaa kutu na haifyatuki tena. Alasiri moja, mimi nikiwa na miaka sita, aliisugua mezani jikoni, kisha akaipaka dawa iliyonuka kama kitunguu saumu kilichooza. Polepole chuma kikageuka cheusi chenye ubuluu.

"Bon, usiguse, mutoto!"

Nilidhani anaogopa isije ikalia. Nami nilijua haina risasi, basi nikagusa. Jasho la kidole changu likaacha doa la kutu. Nilikula kofi, nikanyimwa kwenda kwenye sherehe ya rafiki yangu wa ghorofa ya chini, nikalala sakafuni nikisikiliza muziki wao.

Hadi leo papa hajaniomba radhi, na sasa doa langu amempa babu! Nikainuka, nikaweka kidole juu ya ile alama. Kikaifunika yote, kikazidi.

"Papa, babu yako aliwinda akiwa na miaka sita?"

Mgeni alicheka. Mimi sikucheka.